Uliza Tukujibu: Ruzuku Ndogo kwa Kazi za Ubunifu Darasani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa walimu wa shule za umma, na kilio ni kimoja: wazo lipo, watoto wana hamu, fedha ya vifaa haipo. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe.

Mwalimu wa darasa la pili, Kilosa: *Nina wanafunzi 90 katika chumba kimoja na vitabu vya hadithi havitoshi. Nataka watoto watunge na kuchora kitabu kikubwa cha darasa, tukitundike na kukisoma pamoja. Kuna mdau ametangaza ruzuku ndogo kwa shule za msingi. Sijawahi kuandika andiko la mradi. Nianzie wapi, na niombe kiasi gani?*

Anza na kitabu chenyewe, kiasi cha fedha kitakuja kwa hesabu. Wengi hufanya kinyume: husikia kwamba mdau anatoa hadi milioni mbili, kisha hutafuta vitu vya kujaza milioni mbili. Msomaji wa maandiko huliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa bajeti.

Watoto 90 katika makundi ya sita sita ni makundi 15. Kila kundi litengeneze ukurasa mmoja, na jalada likiongezwa unapata majani 16. Manila ya ukubwa wa A1 (sentimita 59.4 kwa 84.1) ukiikata katikati inatoa majani mawili, kwa hiyo kitabu kimoja kinakula manila 8. Andika 10, kwa sababu kuna jani litakalomwagikiwa na kuna kundi litakalokosea herufi. Usikunje manila na kuzipachika moja ndani ya nyingine kwa mtindo wa daftari. Ukifanya hivyo kurasa nne zinakaa kwenye karatasi moja, makundi manne yanaisubiri karatasi hiyo hiyo, na wino unapenya upande wa pili na kuharibu picha ya wenzao. Kundi moja, jani moja, upande mmoja tu.

Kalamu za rangi ziwe za wino wa maji. Zile zisizofutika zina harufu kali katika chumba chenye watoto 90, na zinapenya manila. Makundi 15 kwa rangi nne ni kalamu 60, yaani 15 nyeusi, 15 nyekundu, 15 za bluu na 15 za kijani. Ongeza nyeusi tano, kwa sababu maandishi yote ni meusi na ndizo zinazokauka kwanza. Katika kila kundi mteue mtoto mmoja awe mlinzi wa vifuniko. Kalamu iliyoachwa wazi wakati wa mapumziko huirudishi tena.

Jani likilazwa lina upana wa sentimita 59 na kimo cha sentimita 42. Kushoto acha sentimita 5 za kushonea. Herufi za kimo cha sentimita 4 zitasomeka mpaka dawati la mwisho, lakini zinakula nafasi: mstari mmoja utabeba herufi 16 hadi 18 hivi. Basi kila kundi liwe na sentensi moja fupi, kama "Paka anapanda juu ya mti mrefu", igawanywe mistari miwili chini, na picha ikae juu. Rasimu iandikwe kwanza kwa penseli nyuma ya karatasi chakavu za ofisi, uisahihishe wewe, ndipo manila itolewe.

Ukitaka watoto wabandike vipande vya kitenge au majani makavu, gundi wapikie mwenyewe. Chukua kikombe kimoja cha unga wa muhogo na vikombe vitano vya maji. Unga ukoroge na kikombe kimoja cha maji baridi, umimine kwenye vikombe vinne vinavyochemka, na uendelee kukoroga mpaka uache weupe na kuanza kung'aa. Kijiko cha siki kinachelewesha kuvunda, lakini gundi hiyo usiitegemee zaidi ya siku tatu. Ipake nyembamba. Ikiwa nene inaita panya na mende.

Kushona kunahitaji shazia, uzi wa nailoni na vipande viwili vya boksi gumu vya sentimita 42 kwa 4. Weka kipande kimoja juu na kimoja chini ya majani, toboa kwa msumari mashimo matano umbali wa sentimita 3 kutoka ukingoni, kisha shona. Bila boksi uzi utaikata manila ndani ya wiki chache za kufunuliwa. Kitabu kitundikwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kikiegemezwa ukutani sakafuni, mchwa wanakimaliza.

Muda nao ni sehemu ya mradi. Kipindi cha dakika 30 hakitoshi kugawa vifaa, kuchora na kusafisha. Mwombe mwalimu wa taaluma vipindi viwili mfululizo, na uliandike hilo kwenye andiko, maana linaonyesha kwamba uongozi wa shule unajua unachofanya.

Sasa bajeti. Kila kitu kiwe na mstari wake: jina, idadi, bei ya kimoja, jumla. Bei zitoke kwenye ankara kifani (proforma, karatasi ya bei inayotolewa kabla ya kununua) ya duka la steshenari la mji ulio karibu, lenye risiti ya EFD (mashine ya kodi), na nauli ya kuvifikisha shuleni iwe mstari peke yake. Ukiandika "vifaa vya kuchorea, laki mbili", umemwachia mtoaji kazi ya kukisia, naye hana wajibu wa kukisia kwa faida yako.

Kitabu kimoja kinaweza kugharimu kidogo mno kiasi kwamba mdau ataona usumbufu wa kusimamia unazidi thamani. Panga vinne kwa mwaka, viwili kila muhula. Manila zitakuwa 40. Kalamu hazizidishwi kwa nne, mara mbili zinatosha zikitunzwa. Kiasi utakachopata hapo ndicho cha kuomba, na ukiulizwa swali lolote utakuwa na jibu.

Mwisho wa andiko sema utapimaje. Kabla hamjaanza, kila mtoto asome sentensi zile zile tano kwa sauti, nawe uandike wangapi wamezisoma zote, wangapi baadhi, wangapi hakuna. Rudia baada ya kitabu cha pili na cha nne. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na kwa mwalimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) kina faida hata ruzuku isipopatikana.

Mwalimu mkuu, Kasulu: *Kijana aliyesoma shuleni kwetu yuko tayari kutoa shilingi milioni moja na nusu tununue ala za muziki kwa ajili ya somo la Sanaa na Michezo. Anataka kuzituma kwenye simu yangu ili kuepuka mlolongo. Kuna ubaya gani?*

Upo, Mwalimu, na wa kwanza kuumia ni wewe. Fedha ikitolewa kwa ajili ya shule ya umma ni mali ya umma, hata kama mtoaji ni mtu binafsi mwenye nia njema. Ikikaa kwenye laini yako, siku mkaguzi atakapouliza huna kitabu cha kumwonyesha. Na kama ngoma mbili zitapasuka na mtu aseme zilinunuliwa nne badala ya sita, neno lako litakuwa peke yake.

Njia ya wazi si ndefu kama anavyodhani. Mtoaji aandike barua fupi kwa shule akitaja kiasi na kusudi. Kamati ya Shule ikae, ipokee nia hiyo na kuiweka kwenye muhtasari. Nakala iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu Kata. Fedha iingie akaunti ya shule, iandikwe kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo vya umma, na matumizi yapitie utaratibu wa kawaida wa watia saini. Kabla hujampa mdau tarehe yoyote, zungumza na afisa manunuzi wa halmashauri, kwa sababu manunuzi ya taasisi za umma sasa yanapita kwenye mfumo wa NeST, na fundi ngoma wa kijijini pengine hajasajiliwa humo. Hapo ndipo miradi midogo mingi inakwama miezi: fedha ipo benki, fundi yupo jirani, na hakuna aliyeuliza mapema jinsi ya kuviunganisha.

Kama kijana wenu hataki fedha yake ipite huko, kuna njia halali na nyepesi zaidi: atoe vifaa. Yeye mwenyewe amlipe fundi, shule ipokee ala mbele ya wajumbe wa Kamati, mjaze hati ya kupokelea vifaa yenye idadi na thamani, mviingize kwenye leja ya stoo na kuvipiga chapa ya shule. Hakuna shilingi iliyoshikwa na mwalimu. Kwa kiasi kama hicho sisi tungemshauri hivyo bila kusita.

Kuhusu ala zenyewe, mkataba na fundi useme mti uwe umekauka. Ngoma ya mti mbichi huchanika ubavuni inapokauka darasani. Ngozi ziwambwe kiangazi, kwa sababu iliyowambwa wakati wa mvua hukauka vibaya na sauti yake hailingani. Omba ngozi mbili za akiba na kamba zake. Mdau alipe nusu mwanzoni na nusu baada ya ngoma kupigwa mbele yenu. Kayamba na manyanga msinunue kabisa: matete, mbegu na vibuyu vipo, na watoto wakizitengeneza wenyewe hilo ndilo somo.

Mwalimu wa sekondari, Mtwara Vijijini: *Klabu yetu ya maigizo na gazeti la ukutani imeomba ufadhili kwa watoaji watatu. Wote wamejibu kwamba ombi "haliendani na vigezo". Vigezo gani?*

Andiko lenu mliloambatisha tumelisoma, ni zuri na limeandikwa kwa Kiswahili safi. Shida ni kwamba limepelekwa kwa watu wasiotoa kitu cha aina hiyo.

Mfano ni Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea. Wengi husikia "Global Grant" na kutuma ombi la shilingi milioni mbili. Ruzuku hiyo ina kiwango cha chini cha bajeti cha dola 30,000, na lazima ibebwe na klabu mbili za nchi tofauti. Ombi lenu haliwezi kuingia humo hata likiwa zuri namna gani. Kinachowafaa ni kwenda kwa klabu ya Rotary iliyo karibu na kuzungumzia ruzuku za wilaya ya Rotary, ambazo ni ndogo na zina masharti mepesi. Vivyo hivyo Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001: imefadhili ujenzi wa madarasa, maabara, vyoo na nyumba za walimu. Kama shule yenu ina shida ya maabara, andikeni huko kupitia halmashauri. Kwa maleba ya maigizo, msipoteze muhula.

Cha pili, nani anaomba. Watoaji wengi wa nje, balozi zikiwemo, hupenda kuingia mkataba na asasi iliyosajiliwa, si na klabu ya shule. Tafuteni asasi ya kiraia inayofanya kazi ya elimu au sanaa wilayani kwenu. Asasi iombe, shule iwe mshirika, na muandikiane kwenye karatasi moja nani ananunua, nani anatunza na vifaa vitabaki kwa nani mradi ukiisha. Kipengele hicho cha mwisho msikiruke. Spika zilizobaki ofisini kwa asasi hazirudi shuleni kwa maneno matupu.

Cha tatu ni posho. Katika bajeti yenu zaidi ya theluthi moja ni posho za vikao na chakula cha walezi wa klabu. Tunaelewa walimu wanabaki hadi jioni na wana haki ya kuthaminiwa. Lakini ruzuku ya vifaa vya wanafunzi haikutengwa kwa hilo, na msomaji akiona theluthi inakwenda kwa watu wazima anaweka andiko pembeni. Toeni mstari huo, au upunguzeni uwe chai na nauli ya siku za maonyesho tu.

Cha nne, kalenda. Mmeomba fedha zitoke Septemba na igizo lionyeshwe Novemba. Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, shule imetulia kimya, na hakuna mkuu wa shule atakayeruhusu ngoma. Pangeni mradi uanze Januari au mara baada ya likizo ya katikati ya mwaka, na ombi liende miezi minne au mitano kabla.

Kama baadhi ya wanafunzi wenu wanapenda utafiti kuliko jukwaa, watazameni Young Scientists Tanzania. Tangu 2011 mpango huo umewapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kufanya uchunguzi wao na kuuonyesha mbele ya majaji. Si mfuko wa kuchota fedha, ila ni mlango.

Mjumbe wa Kamati ya Shule, Handeni: *Ruzuku ya uendeshaji inayokuja kila mwezi, inaweza kununua rangi na manila? Mwalimu mkuu anasema haiwezekani.*

Inawezekana ikiwa imepangwa, na haiwezekani ikiwa mnakumbuka siku fedha imeingia. Kwa mpango ulioanza na elimu bila ada mwaka 2016, mwanafunzi wa msingi ametengewa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati yake 4,000 ni za vitabu na hubaki serikali kuu, 6,000 zinakuja shuleni. Kwa sekondari ni 25,000, na nusu yake ni ya vitabu. Shule yenye watoto 700 basi inategemea milioni 4.2 kwa mwaka, yaani 350,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, ukarabati, ofisi na michezo. Mwalimu mkuu haongopi anaposema hazitoshi.

Ila humo lipo fungu la vifaa vya kufundishia. Mkikubaliana kutenga shilingi 30,000 kila mwezi kwa miezi kumi, mna 300,000, na hiyo mnaiandika kwenye ombi la ruzuku kama mchango wa shule. Mtoaji akiona shule masikini imejitengea laki tatu yake yenyewe, huamini kwamba mradi una mwenyewe. Muhimu ni kuiingiza kwenye mpango wa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Anzeni kuzungumza mwishoni mwa mwaka wa kalenda uliotangulia, wakati bajeti zinaandaliwa.

Na tafadhali, mchango wa wazazi usikusanywe na mwalimu darasani, wala mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa mia tano ya rangi. Mzazi anaweza kuleta boksi, vitambaa, vibuyu, kopo tupu au nguvu zake. Vipeni vitu hivyo thamani na mviandike kwenye ombi, ni mchango halali.

Walimu wa shule ya msingi ya umma, Kilifi: *Tumepata ufadhili wa kuchora ukuta wa nje: mikoko, samaki na ndege wa Mida Creek. Ukuta una mita 6 kwa 2.4. Mchoro wa zamani ulibambuka baada ya mvua za masika. Tununue rangi kiasi gani, na tufanyeje usibambuke tena?*

Kabla ya rangi, jueni maji yanatoka wapi. Rangi haibambuki kwa sababu mvua imeipiga usoni. Mara nyingi inasukumwa kutoka ndani, ukuta ukiwa umenyonya maji ya ardhini au ya paa lisilo na mfereji. Bandikeni kipande cha plastiki cha sentimita 40 kwa 40 ukutani, mzibe kingo zote kwa utepe, mkiache usiku na mchana. Mkikuta matone upande wa ukuta, msichore bado. Rekebisheni mfereji wa paa, mchimbe mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, mpime tena.

Pwani kuna chumvi pia. Ule unga mweupe unaotoka kwenye plasta uondoeni kwa brashi kavu. Mkiuosha kwa maji unayeyuka, unarudi ndani na kutokea tena chini ya rangi yenu mpya. Plasta mpya iachwe siku 28. Na msishawishike na rangi ya mafuta kwa kudhani ni imara zaidi: juu ya ukuta wenye unyevu inafungia maji ndani na kufanya malengelenge. Tumieni rangi ya maji ya nje.

Hesabu: ukuta ni mita za mraba 14.4. Lita moja hupaka mita za mraba 8 hadi 10 kwenye ukuta laini, ila wenu una mikwaruzo, kwa hiyo tumieni 8. Rangi ya kwanza ya kushika (primer), mkono mmoja, ni lita 1.8, basi nunueni 2. Nyeupe ya msingi, mikono miwili, ni lita 3.6, basi kopo la lita 4. Za kuchorea: bluu lita 2 kwa sababu ya bahari, kisha nyekundu, njano na nyeusi lita moja moja. Kijani cha mikoko mtakichanganya wenyewe kwa njano na bluu, na kahawia ya mizizi kwa nyekundu, njano na tone la nyeusi. Changanyeni kiasi cha kutosha sehemu nzima kwa mara moja. Mkirudi kesho kutafuta kijani kile kile hamtakipata. Ulizeni dukani rangi isiyo na madini ya risasi, na hilo lionekane kwenye kopo.

Mchoro uwekeni kwanza kwenye karatasi ya sentimita 60 kwa 24 iliyogawanywa miraba ya sentimita 2. Ukutani pigeni miraba ya sentimita 20 kwa uzi uliopakwa chaki. Mtapata miraba 360, kila mtoto apewe yake kwa namba. Hata asiyejua kuchora samaki mzima anaweza kuhamisha pezi lililo ndani ya mraba mmoja, na picha inatoka kama ilivyopangwa. Watoto wapake hadi kimo cha mita moja na nusu. Juu ya hapo ni kazi ya watu wazima, ngazi isipandwe na mwanafunzi. Chini acheni nusu mita bila picha, rangi ya udongo tu, maana tope la mvua litaruka hapo kila mwaka.

Fanyeni Januari au Februari, wakati wa kaskazi na jua. Bodi ya Usimamizi iwe imeidhinisha kwa maandishi, na brashi zioshwe siku ile ile. Bajeti nyingi husahau brashi: chukueni pana mbili, za kati sita, na nyembamba angalau 20.

Msomaji, Columbus, Ohio: *Mwalimu wa mwanangu katika shule ya umma hapa hutumia DonorsChoose, tovuti ambayo watu huchangia maombi ya walimu, kupata vifaa. Ningependa aweke vitabu vya Kiswahili kwa watoto wetu. Je, ninaweza kuisaidia shule yangu ya zamani Muheza kwa njia hiyo hiyo?*

Kwa Columbus, ndiyo. DonorsChoose ilianzishwa mwaka 2000 na Charles Best, aliyekuwa mwalimu huko Bronx, New York, na ni ya walimu wa shule za umma za Marekani. Mwalimu ndiye anayeandika ombi, mzazi haruhusiwi kuliandika kwa niaba yake. Fedha hazimfikii mkononi: vifaa vinanunuliwa na kutumwa shuleni. Ombi hukaa wazi miezi minne, na lisipotimia halinunui nusu ya vitabu. Mshauri aanze na ombi dogo, na umsaidie kuchagua vitabu wewe mwenyewe. Vingi vinavyouzwa huko kwa jina la Kiswahili vimetafsiriwa ovyo, na mtoto wa kwetu atavicheka badala ya kuvisoma. Soma kurasa za ndani kabla hajaviorodhesha.

Kwa Muheza, hapana. Na usisafirishe vitabu, gharama ya meli na bandari itakula fedha ya vitabu vyenyewe. Mpigie mkuu wa shule, omba orodha ya upungufu iliyopitishwa na Kamati, lipa duka la vitabu Tanga mjini moja kwa moja, shule ipokee kwa hati. Ni utaratibu ule ule tuliomweleza mwalimu wa Kasulu.

Mwalimu wa darasa la nne, Iringa: *Mradi wetu wa vikaragosi umeisha vizuri. Mdau anataka taarifa na picha za watoto aweke mtandaoni. Pia zimebaki shilingi 140,000. Tufanyeje?*

Picha kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, ikisema picha itatumika wapi. Asiyeridhia heshimu, na mtoto wake asitengwe kwenye kazi kwa sababu hiyo. Mara nyingi picha bora ni ya mikono ikishona kikaragosi, au ya vikaragosi vyenyewe mezani. Usiandike jina kamili la mtoto chini ya picha, wala usimpige picha aliyechanika sare ili mdau aone huruma.

Taarifa isizidi kurasa tatu: mlichoahidi, mlichofanya, kilichobadilika kwa watoto kwa namba zile mlizopima mwanzoni, na fedha mstari kwa mstari dhidi ya bajeti, na nakala za risiti nyuma. Kama soksi za vikaragosi zilipanda bei mkanunua 50 badala ya 60, sema hivyo. Mdau anayejua tofauti na sababu yake haulizi tena. Anayekuta risiti isiyolingana na bajeti bila maelezo hawezi kukuamini mwakani.

Salio usilimalize kwa haraka dukani. Mwandikie mdau, mweleze kiasi kilichobaki na sababu, pendekeza matumizi mamoja yanayohusiana na mradi, kwa mfano sanduku la bati lenye kufuli la kuhifadhia vikaragosi, uambatishe ankara kifani. Akikubali, jibu lake lihifadhiwe kwenye jalada la mradi pamoja na muhtasari wa Kamati. Akitaka zirudishwe, zirudi kwa hundi au uhamisho wa benki kutoka akaunti ya shule, na stakabadhi ibaki kwenu. Barua hiyo iende kabla ya tarehe ya mwisho ya mradi iliyoko kwenye makubaliano.